Mlio Chini ya Gari la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu aliinua gari lake baada ya kustaafu, kwa sababu ya jiwe moja. Jiwe lenyewe liko katikati ya njia inayoshuka kwenye kibanja chake kule Mabira, na kila msimu wa mvua udongo unaolizunguka huchukuliwa na maji, likabaki limejitokeza zaidi. Bodaboda hulipita pembeni. Yeye alikuwa na jipu la zamani, la springi za mabamba, na tumbo la jipu hilo lilikuwa likikwaruza jiwe kila alipokwenda kufuata kahawa au ndizi. Angeweza kuweka vibarua wakalichimba. Aliona ni rahisi zaidi kuinua gari.

Kazi hiyo ilifanyika Omurushaka, kwa fundi ambaye sikumfahamu. Gari lilirudi refu, lina springi mpya, shokapu ndefu kuliko zile za mwanzo, na matairi makubwa ya kukabili matope. Mama mkwe akawa anawekewa kigoda ndipo apande. Jiwe halikuguswa tena, ila ulianza mlio. Gari likiingia shimoni likiwa na mzigo, chini kulilia chuma kwa chuma, sauti kama ya mtu anayepiga reli kuita watoto darasani.

Mimi nachomelea vyuma Nkwenda: mageti, madirisha, vitanda, mara moja moja mkokoteni. Asubuhi moja baba mkwe alisimamisha gari mbele ya karakana yangu, akashuka taratibu, akaushikilia mlango mpaka miguu ikakaa sawa chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Mvua huko kwenu?"

"Ilinyesha jana, baba."

"Hata kwetu."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukizungumza tangu nilipomwoa binti yake. Ukoo wangu ulitoka Rwanda enzi za babu, nasi ni Wakatoliki. Wao ni Wanyambo, Walutheri wa tangu zamani, na yeye alikuwa mzee wa usharika. Hakuipinga ndoa yetu, wala hakuishangilia. Alipokea posa, akatoa baraka, na kuanzia siku hiyo kila tulipokutana aliniuliza habari za mvua, ingawa kutoka kwake hadi kwangu wingu ni lile lile. Sikuwahi kulichukulia hilo kama chuki. Nililichukulia kama umbali, na umbali unaweza kuishi nao.

Siku ile hakuondoka baada ya mvua. Alilitazama geti nililokuwa nalisugua, akasema, "Gari linagonga."

"Nimesikia ulipokuwa unakuja."

"Mama yako hapandi tena. Anasema linamvunja mgongo, heri atembee. Jumapili iliyopita ametembea kwenda kanisani na kurudi."

"Pole yake. Lakini baba, mimi si fundi magari."

"Najua. Fundi magari ndiye aliyelifikisha hapa."

Nilitandika gunia, nikaingia chini. Haikuhitaji utaalamu mkubwa kuona kilichokosekana. Kwenye chesisi, ile fremu ya chini, juu ya ekseli inayobeba magurudumu, gari hutakiwa kuwa na vipande vya raba ngumu, mafundi huviita stopa. Gari likididimia shimoni, ekseli hupanda. Ikifika mwisho wa safari yake hukutana na raba badala ya kukutana na chuma. Katika gari la baba mkwe raba hizo zilikwisha zamani, yamebaki matundu ya bolti yaliyojaa kutu. Hata kama zingekuwepo, zisingefaa tena. Shokapu mpya zilikuwa ndefu, zilifika mwisho na kujikunja kabla ekseli haijafika kwenye chesisi, na matairi makubwa nayo yalikuwa yameanza kuchubua bati la juu. Lililotakiwa ni stopa zinazoshuka chini zaidi, ziipokee ekseli mapema. Za namna hiyo dukani hazipo. Ilibidi zitengenezwe.

Nilimweleza hivyo. Akauliza, "Utaweza?"

"Vyuma naweza. Raba ndiyo sijui."

"Basi tutafute raba," akasema. Nilitambua kwamba amesema *tutafute*.

Katika soko la Nkwenda kuna mzee anayeshona viatu vya katambuga kwa matairi ya malori. Tulimkuta ameketi katikati ya vipande vyake, kisu kikiwa kwenye ndoo ya maji, kwa sababu raba haikatiki kwa kisu kikavu. Nilimwomba anikatie vipande vya mraba, vinene, vyote vya kipimo kimoja.

"Mguu gani huu?" akauliza. "Hauna kidole wala kisigino."

"Mguu wa gari," baba mkwe akajibu.

Yule mzee hakucheka. Alichagua tairi lililokuwa halijaliwa sana, akaanza kukata. Baba mkwe alichukua kila kipande kilichotoka, akakipapasa pande zote kwa vidole gumba, akakiweka juu ya kingine. Wakati ule nilidhani ni uangalifu tu.

Kupima tulipima nyumbani kwake, Jumamosi mchana. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu cha zamani kilichosawazishwa juu. Tulipandisha gurudumu moja la nyuma juu ya kichuguu hicho ili ekseli upande huo ipande kabisa na upande wa pili ining'inie. Lakini gari tupu halididimii vya kutosha, hivyo tulipakia mikungu ya ndizi, na ilipoonekana bado, baba mkwe akawaita wanakwaya waliokuwa wanatoka mazoezini. Walipanda wakikaa juu ya mikungu, wakiuliza wanapelekwa wapi.

"Hampelekwi popote," akawaambia. "Kaeni mkiwa wazito."

"Tuimbe?" mmoja akauliza.

"Kuimba hakuongezi uzito."

Waliimba hata hivyo. Kabla ya kuwapandisha nilikuwa nimebandika donge la udongo wa mfinyanzi juu ya ekseli, chini kidogo ya matundu ya bolti, na jingine mahali tairi linapoelekea bati. Gari likididimia, udongo ungeminywa, nasi tungejua nafasi iliyobaki. Niliingia chini kutazama. Baba mkwe akaingia kwa upande wa pili. Tulilala chali chini ya gari moja, mabega yetu yakikaribiana kuliko yalivyowahi kukaribiana, na juu yetu wanakwaya wakiimba pambio.

"Unaona, baba? Hapa shokapu imebakiza upana wa kidole. Stopa inatakiwa iikamate ekseli kabla ya hapo."

"Naona," akasema.

Alikuwa anatazama upande mwingine, kwenye paipu ya breki.

Nikampa spana ailegeze nati ya kishikizo cha paipu hiyo, maana ilikuwa karibu naye, nami nilitaka paipu isogee nisije nikaitoboa kwa drili. Nati ilikuwa mbele ya uso wake. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavuni, kila kitu kikionekana hadi vumbi. Aliitafuta kwa mkono. Vidole vilipita juu ya paipu, vikashuka, vikarudi, kama mtu anayetafuta kifungo cha shati gizani. Alipoipata akaweka spana juu yake kwa kuongozwa na kidole. Kisha akailegeza vizuri tu. Nami niliendelea kupima.

Jioni hiyo mke wangu aliniuliza kazi inaendaje. Nikamwambia inakwenda. Kumwambia binti kwamba baba yake haoni, kabla baba mwenyewe hajasema, hilo si la mkwe. Labda si la mtu yeyote.

Stopa nilizitengeneza karakanani. Nilikata bomba nene la mraba, nikalichomelea bamba juu lenye matundu yanayolingana na yale ya chesisi, na bamba jingine chini la kushikilia raba. Raba nilizipanga moja juu ya nyingine, nikapitisha bolti katikati. Kichwa cha bolti nilikizamisha ndani ya raba kwa kuchimba, ekseli isije ikapiga chuma kile kile tulichokuwa tunakikimbia. Kwenye chesisi sikuchomelea kitu. Chesisi ya zamani ukiipa moto hujui itapasukia wapi. Nilifunga kwa bolti peke yake.

Tulizifunga siku ya mawingu. Baba mkwe akasema twende tukajaribu, akashika usukani, nami nikakaa kando yake. Tuliteremka barabara ya Mabira.

Kosa la kwanza lilikuwa langu kama fundi, nalo lilijulikana kabla hatujafika mbali. Stopa zilikuwa ndefu mno na ngumu mno. Ekseli ilizifikia hata kwenye tuta dogo, gari likawa linaruka kama limefungwa juu ya magogo. Mlio wa chuma ulikwisha, ila mtikiso ulikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Jambo la pili niliona kwa macho yangu. Baba mkwe hakuwa anakwepa mashimo. Dereva yeyote wa huku hupinda kidogo, hupunguza mwendo, hupandisha gurudumu ukingoni. Yeye alikwenda katikati, mikono imeshika usukani kwa nguvu, akiingia kila shimo kwa kipimo kile kile. Mbele yetu mbuzi walikuwa wanavuka.

"Mbuzi, baba."

"Nimewaona," akasema, akapiga honi na kukanyaga breki. Mbuzi walikuwa kulia. Yeye aligeuza uso kushoto.

Tulirudi. Nikamwambia raba lazima zipunguzwe. Akakubali bila ubishi, nadhani alifurahi kwamba tatizo bado ni la raba.

Nilizitoa. Niliondoa tabaka moja kutoka kila stopa, na tabaka za chini nikamrudishia mshona katambuga azichonge pembeni, ziwe nyembamba kuelekea ncha. Ekseli ikigusa ncha kwanza, ncha inakubali. Ikizidi kupanda inakutana na raba pana zaidi, nayo inakataa polepole. Baba mkwe hakuja sokoni safari hiyo. Yule mzee akauliza, "Mwenzako wa vidole yuko wapi?" Nikasema yuko shambani.

Safari ya pili ya majaribio tulipakia ndizi, mzigo kamili wa siku ya soko. Aliendesha tena yeye. Sikujua namna ya kumzuia, na barabara ilikuwa tupu. Nilikaa mguu wa kulia umekaza kana kwamba kuna breki upande wangu. Stopa zilifanya kazi. Tulipoingia kwenye mifereji midogo, gari lilididimia, likasikika *puu*, kama gunia la maharage likitupwa sakafuni, likapanda tena. Kisha tukafika mahali maji ya mvua yalikuwa yamekata barabara. Ufa ule ungeonekana kutoka mbali. Alikwenda nao moja kwa moja. Mbele ikazama, mikungu ikatusukuma mgongoni, nikasikia *puu* nzito, halafu nyingine ya nyuma, na gari likatoka upande wa pili likiwa zima.

Alisimamisha gari. Akazima injini.

"Chuma hakigongi tena," akasema.

"Hakigongi, baba."

"Lakini tumeingia shimoni."

"Tumeingia."

"Kubwa?"

"Kubwa."

Alikaa akitazama mbele, kwenye kioo. Mtu wa bodaboda alitupita, akasalimia, naye akainua mkono kufuata sauti.

"Jicho la kushoto lilianza zamani," akasema. "Kama moshi wa jikoni. Nikadhani utaondoka. Sasa hata la kulia. Asubuhi ni afadhali kidogo. Jua likiwa mbele yangu, sioni kitu, naona weupe." Akanigeukia. "Umejua lini?"

"Kwenye nati, baba."

"Umemwambia binti yangu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nilifikiri kidogo. "Hukunituma."

Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimejibu swali la katekisimu. Kisha akafungua mlango, akashuka kwa namna ile ya kushikilia, akazunguka mbele ya gari huku mkono wake ukipita juu ya boneti, akasimama mlangoni kwangu. "Sogea," akasema. Nikasogea nyuma ya usukani. Njia nzima ya kurudi hakuniuliza habari za mvua. Aliniuliza kwetu zamani walifuga ng'ombe wa namna gani, nami nikamweleza niliyoyasikia kwa babu.

Wiki iliyofuata niliwapeleka wote wawili hospitali, upande wa Karagwe, kwenye kliniki ya macho. Mama mkwe alikubali kupanda. Kwa desturi yao mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani, hawashikani mikono, na hawasemezani ana kwa ana panapokuwa na mtu wa kupitishia maneno. Alipanda nyuma, akafunika mabega kwa kitenge, akakaa pembeni kabisa ambako kioo changu hakikumfikia. Tulipokwisha kuondoka akamwambia mumewe, "Mwambie anayeendesha apunguze, kuna daraja."

"Anasema upunguze," baba mkwe akasema, ingawa nilisikia.

"Nimesikia, baba. Napunguza."

Tuliingia kwenye daraja na kutoka. Raba zilipokea, gari likatulia. Baadaye kidogo akasema tena, "Mwambie anayeendesha kwamba mgongo haujauma."

"Anasema mgongo haujauma."

"Mwambie nashukuru."

Baba mkwe alinyoosha mgongo. "Si nilikwambia ni raba?" akamwambia mkewe. "Ulikuwa unanung'unika kila Jumapili. Ilikuwa raba."

Kisha mama mkwe akasema, safari hii bila kumtuma mtu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikuwa nakwambia shimo, unaniambia ni chuma. Ningekwambia huoni, ungenijibu nini? Nikaona bora mimi niumwe mgongo. Usipokuwa na wa kumpakia, hutaendesha sana."

Nilishika usukani nikitazama barabara. Nilielewa kwamba hakuacha kupanda kwa sababu ya mtikiso peke yake. Alikuwa anajaribu kulisimamisha gari kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Na mimi kwa vyuma vyangu nilikuwa nimekaribia kumwondolea hoja. Sikuhisi aibu, maana sikujua. Nilihisi tu jinsi watu wanavyoweza kuishi nyumba moja wakilinda jambo lile lile kutoka pande mbili.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ugonjwa huo unaondoleka. Alimfanyia upasuaji jicho la kulia kwanza. Bandeji ilipotolewa baba mkwe hakusema chochote cha maana. Alisoma kwa sauti tangazo lililokuwa ukutani kuhusu kunawa mikono, tangu mwanzo hadi mwisho, akauliza chakula kitaletwa saa ngapi. Mkewe alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani akifuta uso kwa ncha ya kitenge, nikageuka upande mwingine kama inavyotakiwa.

Alipopona vizuri nilimkuta nyumbani kwake amelala chali chini ya gari, peke yake, gunia langu likiwa limetandikwa. Nikaiamkia miguu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaendelea kupapasa na kutazama. "Hapa kwenye bamba la kushoto umechomelea vibaya."

Nikainama nitazame. Ilikuwa kweli. Mstari ulikuwa umepinda, na penye kona palikuwa na tundu dogo la moto kupita kiasi. Hakuna ambaye angeliona kama hakulitafuta.

"Itashika tu, baba."

"Najua itashika. Nasema ni mbaya."

Jicho la kushoto lilifanyiwa baadaye, nalo halikurudi vizuri kama la kwanza. Anaendesha mchana tu, na si barabara ya Mabira. Kule naenda mimi, siku ambazo sina mageti, nikirudi na kahawa yake au ndizi. Stopa moja ya nyuma ililiwa na mchanga, tukaibadilisha kwa raba ya tairi jingine, na yule mshona katambuga alikata kwa kipimo bila kuuliza. Baba mkwe alisimama kando akasimamia. Aliniambia nichomelee tena lile bamba la kushoto, nikalichomelea, akainama akaangalia kwa muda mrefu, akasema sasa linapendeza. Halafu mkewe akaita kutoka ndani kwamba chakula kiko tayari, amwambie mgeni akanawe. Baba mkwe akanigeukia akafungua mdomo kuniambia, akaona nimekwisha kuanza kunawa.